Boksi la majaribio ya sumaku na mkondo: linunue kwa ajili ya swichi yake

Swichi ya kugeuzia mkondo ndiyo kifaa kidogo kuliko vyote katika boksi hili, na kitabu cha maelekezo kimeipa mstari mmoja tu. Kwangu mimi ndiyo iliyonifanya nilipende. Nafundisha fizikia kwa wanaoanza, na kwenye mada ya sumaku na mkondo wa umeme kinachowaangusha wanafunzi ni kilekile mwaka nenda mwaka rudi: mwelekeo. Ukubwa wa kani, yaani msukumo ambao sumaku inaupa waya wenye mkondo, wanaupata. Wanazidisha uga (athari ya sumaku mahali waya ulipo), mkondo na urefu wa waya, jibu hilo hapo. Waulize sasa kani inaelekea wapi. Utaona vidole vinapindwa kuutafuta mwelekeo kwa kanuni ya mkono, mmoja ametoa mkono wa kushoto, jirani yake wa kulia, na kila mmoja ana uhakika na alichoshika.

Kwa hiyo kifaa chochote cha kufundishia mada hii nakipima kwa swali moja: kinaniruhusu kugeuza kitu kimoja tu, vingine vyote vikabaki kama vilivyo? Boksi hili linaruhusu. Hilo limenifanya nilisamehe mengi, na ya kusamehe yapo.

Huuzwa kwa nembo mbalimbali, lakini vilivyomo ni vilevile. Utakuta jukwaa la plastiki lenye waya mnene wa shaba uliosimama wima katikati, dira 6 ndogo, solenoidi (koili ndefu ya waya) ya sentimita 15 iliyozungushwa kwenye bomba la plastiki angavu, fremu yenye vipande viwili vya karatasi ya alumini, sumaku mbili bapa zilizoshikwa na kiunzi cha chuma chenye umbo la U, reli mbili za shaba na fimbo yake ya alumini, bembea ya waya, mota ndogo ya kujiundia, unga wa chuma, kikasha cha betri mbili kubwa za volti 1.5, rezista ya omu 1 (ya kuzuia mkondo usizidi), nyaya zenye vibanio vya meno, na hiyo swichi. Ameta haimo. Unafundishaje mkondo bila kuupima? Tafuta ya kwako.

Nilianza na waya wima, kwa kuwa ndipo mada yenyewe ilipoanzia. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, akiwa Copenhagen, alionyesha kwamba waya unaopitisha mkondo unausogeza mshale wa dira, tena unausogeza kando, haumvuti wala haumfukuzi. Hilo la kando linawasumbua watu hadi leo. Hapa unazipanga dira kuuzunguka waya, unasukuma swichi upande mmoja, mishale inacheza. Isukume upande wa pili, mishale inakwenda kinyume. Hakuna waya uliochomolewa, hakuna dira iliyoguswa, mkono haukuzuia kuona. Mwanafunzi mmoja aliing'ang'ania swichi akiipeleka huku na huku hadi wenzake wakaanza kunung'unika. Nilimwacha. Alikuwa anajifunza jambo ambalo mchoro ubaoni haujawahi kumfundisha mtu vizuri.

Sasa kasoro ya kwanza, na ni kubwa. Mchoro wa kitabu unaonyesha dira zote 6 zimefuatana kwenye duara safi kabisa kuuzunguka waya. Kwa betri walizoziwekea nafasi, duara hilo hutaliona. Betri mbili zinatoa volti 3. Weka rezista ya omu 1, ongeza ukinzani wa betri zenyewe na wa nyaya, unabaki na ampea 2 hivi, na hapo betri ni mpya. Uga wa waya mrefu ulionyooka unapatikana kirahisi kwa mikrotesla (sehemu ya milioni ya tesla, kipimo cha uga): 0.2 mara mkondo, gawanya kwa umbali uliopimwa kwa mita. Ampea 2 kwa umbali wa sentimita 2 ni mikrotesla 20. Dunia nayo ina uga wake, kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali ulipo, na sehemu yake iliyolala mlalo ndiyo inayoshindana na waya wako. Mshale wa dira haumtii mmoja wao. Unasimama kwenye jumla ya nyuga zote mbili.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Dira iliyo kaskazini ya waya na iliyo kusini zinapinda vizuri, kila moja upande wake. Dira iliyo mashariki na iliyo magharibi hazipindi hata chembe. "Mwalimu, hizi mbili ni mbovu," nikaambiwa. Si mbovu. Pale mashariki, mkondo ukipanda juu, uga wa waya unaelekea kaskazini, yaani uleule upande ambao Dunia inaelekeza, basi mshale unabaki palepale, ila umeshikwa kwa nguvu zaidi. Pale magharibi uga wa waya unaelekea kusini, lakini ni dhaifu kuliko wa Dunia, kwa hiyo mshale unabaki ukitazama kaskazini huku umelegea. Igongegonge dira hiyo kwa kucha utaona mshale unavyoyumba polepole, ilhali mwenzake wa mashariki anatulia haraka. Geuza swichi, na wanabadilishana tabia. Kwangu hili ni jaribio zuri kuliko duara la kwenye mchoro, ila kitabu hakikulitaja, na mwalimu asiyelijua atadhani ameuziwa dira za bandia.

Ukilitaka duara, zipo njia mbili. Unaweza kutumia chanzo cha umeme cha maabara kinachofika ampea 5, uwashe kwa sekunde chache tu, na uzisogeze dira hadi sentimita 1 kutoka kwenye waya. Hapo unapata mikrotesla 100. Njia ninayoipenda ni kuuchomoa waya mnene na kupitisha waya mwembamba wenye ganda kwenye tundu lilelile mara 10, ukiurudisha kwa mbali, sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye jukwaa. Ampea 2 zikipita mara 10 zinafanya kazi ya ampea 20. Kwa sentimita 2 hizo ni mikrotesla 200, na Dunia haina tena la kusema. Betri haziumii zaidi, na rezista haipati moto zaidi ya ule ambao tayari inaupata. Na moto inaupata kweli: ampea 2 katika omu 1 ni wati 4, kikasha chake cha plastiki kilianza kunuka. Usimruhusu mwanafunzi kuacha swichi imewashwa akaenda kuandika.

Kuhusu dira zenyewe: 2 kati ya 6 zilifika zikiwa zimegeuka, ncha nyekundu inaelekea kusini. Walizipakia kwenye shimo moja na sumaku bapa, na sumaku yenye nguvu ikikaa karibu na mshale mdogo inaweza kuubadilisha ncha. Dawa yake ni kuupitishia mshale sumaku kwa mpigo mmoja kutoka upande unaofaa, kisha kuzihifadhi mbali. Kazi ya dakika mbili, lakini mtengenezaji aliyefikiria kidogo angeziweka kona tofauti za boksi.

Fremu ya karatasi za alumini ndiyo sehemu inayozua ubishi mkubwa darasani. Vipande viwili vyenye urefu wa sentimita 25 vinaning'inia sambamba, vimeachana sentimita 1, na chini kuna kiungo cha shaba unachoweza kukipachika kwa namna mbili: mkondo upite pande zote mbili ukielekea upande mmoja, au ushuke kwa kimoja na kupanda kwa kingine. Wiki chache tu baada ya habari za Ørsted kufika Paris, André-Marie Ampère alionyesha kwamba mikondo inayoelekea upande mmoja huvutana, na inayopishana hufukuzana. Wanafunzi wangu wote wanatarajia kinyume, kwa sababu wamekaririshwa kwamba vinavyofanana hufukuzana. Karatasi zilipovutana, sauti ya kwanza ilikuwa: "Mbona zinavutana?" Swali zuri. Nikawauliza langu: nikigeuza swichi, zitafukuzana?

Karibu wote walisema ndiyo. Nikageuza. Zikavutana vilevile.

Swichi inageuza mikondo yote miwili kwa pamoja, kwa hiyo uhusiano kati yao haujabadilika. Waya wa kwanza umegeuza uga wake, waya wa pili umegeuza mkondo wake, na mageuzo mawili yakafutana. Ndiyo sababu hata mkondo geu, unaobadili upande mara nyingi kwa sekunde, hauzuii nyaya mbili zinazokwenda pamoja kuvutana. Ili zifukuzane inabidi ushuke kule chini ukapachike kiungo upya, ugeuze mmoja na kumwacha mwenzake. Sijui kifaa kingine chepesi kinacholionyesha jambo hili kwa uwazi hivi.

Ila na hapa betri hazitoshi. Kwa ampea 2 katika kila kipande, kani kati ya vipande hivyo ni sawa na uzito wa miligramu 2 tu. Utaona mtikisiko ambao mtu wa kiti cha nyuma atakuambia ni upepo. Kwa ampea 5 kani inapanda zaidi ya mara 6, kwa sababu mkondo unahesabika mara mbili, mara moja katika kila kipande, na hapo hata aliye mlangoni anaona. Zilegeze karatasi kidogo kabla ya kuzibana, zikikazwa hazisogei. Kwa wanaopenda historia ya vipimo: mpaka tarehe 20 Mei 2019 kani hii ndiyo iliyobeba maana rasmi ya ampea, nyutoni 0.0000002 kwa kila mita ya nyaya mbili ndefu zilizoachana mita 1 katika ombwe. Siku hizi ampea inatokana na chaji ya elektroni (chembe ndogo inayobeba mkondo ndani ya waya) iliyowekwa kuwa namba isiyobadilika. Maabara zimefaidika. Darasani naona tumepoteza kidogo, kwa sababu ile ya zamani ungeweza kuionyesha kwa karatasi ya alumini.

Reli na fimbo nisingezihesabu kuwa sababu ya kununua. Fimbo ikilala juu ya reli kati ya sumaku, unawasha, inateleza kwenda upande mmoja. Unageuza swichi, inarudi. Inapendeza. Tatizo ni kwamba alumini hujifunika utando wa oksidi usiopitisha umeme vizuri, basi baada ya muda fimbo inakwama, inatoa cheche, inaruka ghafla. Isugue kwa msasa laini kabla ya kila kipindi, au tafuta fimbo ya shaba iliyonyooka utupe ile.

Jaribio linalolipandisha boksi hili daraja halimo hata kwenye kitabu. Chukua kile kiunzi cha chuma chenye sumaku zake mbili, kiweke juu ya mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Weka kipande cha plastiki au mbao chini ya kiunzi, chuma kisiisumbue mizani. Ichukue bembea ya waya, lakini usiiache ibembee: ibane kwenye stendi ili sehemu yake ya chini, sentimita 4 hivi, ipite mlalo katikati ya sumaku bila kugusa popote. Washa mkondo. Waya umebanwa, hauendi kokote, lakini namba ya mizani inabadilika. Uga unausukuma waya juu, waya unazisukuma sumaku chini kwa kani ileile, na mizani inasoma uzito ulioongezeka. Sheria ya tatu ya Newton na kani ya sumaku katika namba moja inayowaka kwenye kioo.

Kwa ampea 1 nilipata gramu 0.41, kwa ampea 2 gramu 0.83, kwa ampea 3 gramu 1.24. Weka kwenye grafu: mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Mteremko wake ni takriban gramu 0.41 kwa kila ampea, yaani nyutoni 0.004. Gawanya kwa urefu wa mita 0.04, unapata uga wa tesla 0.1 kati ya sumaku. Umeupima uga kwa mizani! Simu haiwezi kukusaidia hapo, kwa maana kihisi cha sumaku cha simu nyingi kinashiba (kinafika mwisho wa uwezo wake) kwenye militesla chache tu. Na tofauti na karatasi za alumini, jaribio hili linaridhika na betri; ampea 2 zinatosha kabisa, mradi uwe na ameta.

Halafu geuza swichi. Namba ileile, ila ina alama ya hasi mbele yake. Sasa rudisha swichi na uzungushe kiunzi nusu duara, ili kaskazini ikae ilipokuwa kusini: hasi tena. Geuza vyote viwili: chanya. Wanafunzi wanajaza jedwali la safu nne, na hapo ndipo kanuni ya mkono inapopata kazi, kwa sababu wana majibu ya kuihakiki. Zungusha waya ulale sambamba na uga, na mizani inarudi karibu na sifuri. Haitakuwa sifuri kamili, maana nyuga za kwenye kingo hazijanyooka, lakini tofauti yake na ile 1.24 haina ubishi.

Mtu aliyeamini kwamba kani hii ni ya ajabu iliyotoka kwenye "umeme" kwa ujumla, hapa napenda kumshtua kidogo. Kani inazikamata elektroni, nazo zinausukuma waya. Katika waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 1, kwa ampea 2, elektroni zinasonga kwa wastani wa milimita 0.15 kwa sekunde. Konokono anazipita. Wingi wao ndio unaoisogeza mizani.

Mota imeniudhi. Koili ilikuja na mihimili yake imekwanguliwa vanishi (ganda lisilopitisha umeme) pande zote, na koili ya namna hiyo haizunguki, inatetemeka tu. Kani inayoizungusha hugeuka kila nusu mzunguko, kwa hiyo inaisukuma mbele halafu inairudisha nyuma. Mota hii inafanya kazi pale nusu ya mhimili mmoja inapobaki na vanishi, ili mkondo ukatike katika ile nusu mbaya na koili ipite kwa kasi yake yenyewe. Niliipaka rangi ya kucha upande mmoja wa mhimili, nikaacha ikauke, ikazunguka mpaka betri zikachoka. Geuza swichi, usimamishe koili kwa kidole, uiachie na kuisukuma kidogo: inakwenda upande mwingine. Niliiandikia kampuni kuhusu koili, wakanijibu kwamba bidhaa imekaguliwa. Haya.

Solenoidi ni nzuri na haina mengi ya kusema. Ina mizunguko 150, kwa hiyo kwa ampea 0.5 inatoa mikrotesla 630 hivi katikati, kiasi ambacho simu nyingi zinakisoma bila shida. Ipitishe simu polepole mdomoni mwa bomba, uone namba inavyoshuka hadi karibu nusu pale mwishoni. Unga wa chuma umefungiwa katikati ya karatasi mbili za plastiki, na kwa hilo nawashukuru kwa niaba ya yeyote aliyewahi kuutoa unga huo kwenye sumaku kwa kucha.

Kitabu cha maelekezo kiweke pembeni. Ukurasa wa kanuni za mkono unatumia mkono wa kulia kwa uga wa waya na wa kushoto kwa kani, kwenye michoro miwili iliyobanana, na mmoja wa michoro hiyo hauonyeshi hata uga unaelekea wapi. Mimi nabaki na mkono wa kulia kwa yote mawili. Kidole gumba kinafuata mkondo sikuzote. Ukivikunja vidole vinne, vinakuonyesha uga wa waya huo. Ukivinyoosha kufuata uga wa nje, kiganja kinasukuma upande wa kani. Aliyezoea wa kushoto aendelee nao, ila asichanganye mbele ya wanaoanza.

Usilinunue ukitarajia kuona chaji huru zikipindishwa na uga. Hiyo inataka tyubu ya kioo yenye miale ya elektroni na jozi ya koili kubwa, kifaa cha daraja jingine kabisa: kwa volti 200 na uga wa militesla 0.78, elektroni huchora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 6, na huwezi kulisahau. Boksi hili linaishia kwenye nyaya. Kwa darasa la wanaoanza, lenye ameta, mizani nzuri na ikiwezekana chanzo cha ampea 5, nalipa nyota 4 kati ya 5. Kwa mtu wa nyumbani mwenye betri tu na kitabu hicho, 2.

Ukiagiza, angalia kama wanauza bembea ya akiba. Waya wake hukatika palepale unapopinda kuingia kwenye kibanio, na bila yake jaribio la mizani halipo.